Wakili Leona na Bata wa Chuma

Mtaani kwetu Cleveland, upande wa ziwani, kila mtu alimjua Bata wa Chuma, na kila mtu alimjua wakili Leona Vrabel. Waliojua kwamba hao wawili huvaa jozi moja ya viatu walikuwa wachache mno. Mimi nilikuwamo, kwa sababu kinyago cha Bata kilishonwa sebuleni kwangu, na mshonaji nilikuwa mimi mwenyewe.

Naitwa Nettie. Nilikaa mapokezi miaka mingi katika ofisi ya mawakili wa umma, wale wanaowatetea watu wasiokuwa na uwezo wa kuajiri wakili. Meza ya Leona ilikuwa nyuma ya ukuta wangu, ukuta wenyewe mwembamba kama biskuti, kwa hiyo kicheko chake nilikipata chote bila hasara. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, kifua kipana, nywele fupi, na sauti ya kumrudisha mtoto kutoka ng'ambo ya barabara. Mahakamani hakuwa na papara. Aliinuka polepole, akavuta koti lake chini, akamtazama shahidi kama mtu anayekagua samaki sokoni, na shahidi mwongo alianza kutoka jasho kabla hajaulizwa lolote.

Ubata wenyewe ulianza Oktoba moja, siku ile watoto wanapozunguka na vinyago kuomba peremende. Leona hakuwa na mtoto, lakini alitaka kuwachangamsha watoto wa jirani, akaniomba nimshonee vazi la kipanga. Nilijitahidi. Joho la kijivu lilikaa vizuri, na kofia ya pikipiki tuliipaka rangi ya fedha ikameremeta. Tatizo lilikuwa mdomo. Mdomo wa kipanga unatakiwa kuchongoka na kupinda. Wangu ulipanuka ukalala. Tulipofungua mlango tu, mtoto wa kwanza akapiga ukelele, "Bata! Mama, njoo uone bata!"

"Kipanga," Leona akamsahihisha.

"Bata wa chuma!" wenzake wakaitikia, na jina likashika hapo hapo.

Jioni ile kikongwe mmoja wa barabara ya nyuma alimwomba Bata amshike mkono wavuke kwenye majani yaliyolowa. Leona alimfikisha hadi mlangoni, kisha akarudi kwangu akavua kofia. Uso ulikuwa umeiva kwa furaha.

"Nettie," aliniambia, "kazini watu wananijia wakiwa wameshaanguka. Leo nimemshika mtu kabla hajaanguka. Unajua ni utamu gani?"

Tangu hapo kila Jumamosi mchana alivaa joho akazunguka mtaani. Hakuwa na nguvu za ajabu. Haruki, haoni kupitia ukuta, na goti lake la kushoto lililalamika kila palipo na ngazi. Alikuwa na filimbi, mkoba wa dawa za majeraha, na ujasiri. Alirudisha mbwa waliopotea, aliamua ugomvi wa maegesho ya magari, na mara moja alisimama katikati ya vijana waliotaka kuchomana visu akawauliza, kwa upole kabisa, kama wanajua bei ya jeneza. Polisi walimzoea. Walimwita "Bibi Bata" na kumpungia mkono.

Akavaa hivyo mwaka, ukaja wa pili, mpaka siku ya kodiani.

Kanisa letu lilikuwa na sherehe ya mavuno uwanjani: mahema, soseji za kuchoma, mikate ya kokwa za jozi, bia, na jukwaa la polka, ile dansi ya kurukaruka wawili wawili. Mpiga kodiani, kile kinanda cha kukumbatia kifuani, alikuwa mzee Emil Petrich, mfupi, mwenye masharubu yaliyochanwa. Zamani alikuwa bingwa wa kucheza polka jimbo zima, na mtu akikaa naye kidogo tu ataambiwa. Kodiani yake ilikuwa nyekundu, yenye nakshi za lulu, ya kuvutia macho.

Mzee Emil aliiweka juu ya kiti akaenda kuchukua soseji. Kijana mmoja mrefu akaichukua, akaikumbatia, akatimua mbio. Sasa kodiani haiibiki kimya kimya. Kila hatua aliyopiga ilikoroma na kulia, fwaa! fwee! na watu wakadhani ni sehemu ya burudani, wengine wakapiga makofi. Bata wa Chuma alikuwa amesimama karibu na hema la keki. Yeye aliona yote, toka mwanzo. Alipuliza filimbi akamfuata, joho likipepea, goti likilia nalo kivyake. Akamfikia langoni, akamkanyaga kidole cha mguu kwa bahati mbaya, kijana akayumba, na wote wawili wakaketi chini na kodiani katikati yao ikitoa pumzi ndefu ya mwisho.

Polisi walifika. Wakamuuliza Bata, "Ndiye huyu?" Akajibu, "Ndiye." Hawakumuuliza zaidi, wakamchukua kijana wakaenda zao. Nyuma kule, mzee Emil alikuwa anainuliwa kutoka kwenye meza ya keki, sukari hadi kwenye masharubu.

Jumatatu asubuhi Bosi wetu, Bi Oletha Bridges, aligawa kesi mpya. Alikuwa mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo, na hakuna aliyewahi kumwona amekimbia wala amechelewa. Leona alichukua jalada lake, akasoma jina lililoandikwa juu, akateremka mahabusu bila kulifungua, maana mkono wa pili ulishika kikombe cha kahawa ya moto. Yaliyotokea kule alinisimulia baadaye, yale tu aliyoruhusiwa kuyasimulia, na mengine aliyaongeza kijana mwenyewe kwa hiari yake.

Kijana aliitwa Kurt Modic. Alikuwa ameketi mezani, kiatu kimoja amekivua kwa maumivu. Leona alipomwona, alimtambua kuwa ndiye yule wa langoni. Akafungua kinywa amwambie. Kurt hakumsubiri.

"Afadhali umekuja, wakili! Mimi hata kesi siitaki, nataka kumshtaki yule Bata. Amenivunja kidole! Mwanamke mzima, amevaa mdomo wa plastiki—"

"Wa kitambaa," Leona akateleza ulimi.

"Ee?"

"Bwana Modic, ngoja kwanza. Usiniambie kitu. Kuna jambo..."

Lakini Kurt alikuwa wa kabila lile la watu wanaozungumza kama bomba lililopasuka. Kabla Leona hajamaliza kuinua mkono, alikwisha mwaga mawili matatu kuhusu kodiani na kwa nini aliichukua. Leona akasimama.

"Nyamaza! Tafadhali, mwanangu, funga mdomo. Uliyosema nitayatunza. Lakini usiongeze hata neno mpaka nirudi."

Ndipo akafungua jalada, amesimama ukumbini. Kosa halikuwa wizi tu. Lilikuwa unyang'anyi, kwa sababu mzee Emil alikuwa amewaambia polisi kwamba kijana alimsukuma akaanguka juu ya meza ya keki. Wizi ungemletea Kurt adhabu ndogo, lakini kwa unyang'anyi angefungwa miaka.

Na Leona alikuwa ameona. Mzee Emil aligeuka na soseji yake, akaona kodiani inaondoka, akatoka mbio mikono juu, na mguu wake ukanasa kwenye kamba ya hema. Kurt wakati huo alikuwa ameshapita mahema, na Bata alikuwa ndiyo kwanza anaanza kumfuata. Hakumgusa mzee hata kwa kivuli. Katika sherehe nzima, watu wote walikuwa wakitazama kodiani inayolia. Aliyekuwa akitazama hema la keki ni Bata peke yake.

Leona alipita mapokezi bila kunisalimu, akaingia kwa Bosi, akafunga mlango. Niliutegea ukuta sikio. Sitasema uongo, ndiyo faida ya kuta zile.

"Bosi, siwezi kumtetea Modic."

"Kwa nini? Unamjua?"

"Nilimkamata."

Mnyororo wa miwani ukalia. "Umesema?"

"Mimi ndiye Bata wa Chuma."

Nilisikia kiti kikirudi nyuma. Bi Oletha hakucheka mara moja. Alianza kama mtu anayekohoa, halafu akacheka mpaka akaomba maji. "Leona! Wewe ndiwe uliyemtoa paka wa dada yangu kwenye bomba la mvua? Mungu wangu! Na ile sauti, tumeisikiaje tusiijue!" Kisha sauti yake ikabadilika. "Keti. Hapa hapachekeshi tena. Wewe ni shahidi."

"Ni shahidi."

"Na wakili hawezi kuwa wakili na shahidi katika kesi moja."

"Ndiyo maana niko hapa, na kahawa yangu bado ya moto."

Walikubaliana kesi itoke nje ya ofisi kabisa, ipewe wakili wa kujitegemea, Bwana Gaines, mtu mtulivu mwenye tai za maua. Hilo lilikuwa jepesi. Jambo zito lilikuwa kinyago. Ili Kurt aokoke, Bata lazima apande kizimbani, na sheria haimwapishi bata. Humwapisha mtu mwenye jina, awe uso wazi, aulizwe maswali na pande zote mbili.

Mchana ule nilimfuata Leona kwenye chumba cha chai. Nilikuwa na wazo, na nililiona la maana sana.

"Dada, sikiliza. Vaa kinyago leo uende kwa mzee Emil. Bata anapendwa pale. Mpe pole, mnywe kahawa, umtoe maneno kidogo kidogo. Akikiri mwenyewe kwamba ni kamba, mambo yameisha. Hakuna kizimbani, hakuna aibu."

Niliona wazo limemwingia na limemkalia vizuri. Alizungusha kijiko kwenye kikombe kitupu.

"Halafu mzee atakuwa amezungumza na nani, Nettie?"

"Na Bata."

"Atadhani anazungumza na Bata. Kumbe ndani ya Bata yuko mtu aliyeshika jalada la kesi. Huko ni kumwibia mzee wa watu, tena mimi nitakuwa nimemwibia kibaya kuliko Kurt, maana Kurt angalau alikimbia na kitu kinachopiga kelele."

Alikwenda badala yake kwa mzee Seymour Adelman. Huyu alikuwa wakili mstaafu ambaye chama cha mawakili kilimpa kazi ya kuwashauri wenzake wanapokwama katika maadili ya kazi. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la mikate, na ushauri wake ulinukia nyama ya chumvi na haradali. Nilimsindikiza Leona, maana goti lilikataa ngazi. Mzee alisikiliza yote akitafuna, macho yakizidi kupanuka.

"Nimeshauri mawakili waliolala na wapinzani wao," alisema akijipangusa. "Nimeshauri aliyesahau mteja kwenye lifti. Lakini wakili bata, wewe ndiwe wa kwanza. Haya. Ulimwambia mkuu wako lini?"

"Saa ile ile."

"Vizuri. Mteja umemwambia?"

"Bado."

"Basi anza huko. Siyo yako hiyo siri tena, maisha yake yanaitegemea. Mwambie wewe ni nani, mbele ya mkuu wako. Ushahidi utoe kwa ulichoona siku ile ya sherehe. Ulichosikia mahabusu, hata kama kilikuwa cha muda wa kupiga chafya, ulikisikia ukiwa wakili. Hicho unakwenda nacho kaburini."

"Na kinyago changu, mzee?"

Adelman aliweka mkate chini. "Binti yangu, mficha uchi hazai. Unataka kumzaa kijana huyu upya au unataka kubaki umejifunika?"

Siku iliyofuata Leona alirudi mahabusu, safari hii na Bosi. Leona alimweleza Kurt bila kuzungushazungusha. Kurt alikitazama kidole chake, kisha akavitazama viatu vya Leona.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenikanyaga?"

"Ndimi. Nisamehe kidole."

"Na wewe ndiye utakayenitoa?"

"Wakili Gaines ndiye atakayekutetea. Mimi nitasema nilichoona, na nilichoona hakikupendelei chote. Nitasema ulichukua. Nitasema pia hukumgusa mzee."

Kurt akamtazama Bi Oletha, akamtazama Leona, kisha akaangua kicheko. "Mama yangu hataamini. Nimekamatwa na wakili wangu mwenyewe!"

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Habari zilikuwa zimevuja kwamba Bata wa Chuma atatoa ushahidi, na akina mama wa kanisa walikuja na chupa za chai na vitu vya kufuma. Leona alivaa koti lake la kazi. Alilivuta chini, kama kawaida yake. Karani akamwambia ataje jina lake kamili.

"Leona Marija Vrabel." Akawageukia watu wa mabenchi. "Mtaani wananiita Bata wa Chuma."

Mara kutoka benchi la nyuma sauti ya mama mmoja: "Si nilisema mimi! Si nilisema? Ile sauti!" Jaji, mwanamke mwenye uso mkavu, aligonga meza, lakini midomo yake ilikuwa inapigana na tabasamu.

Bwana Gaines alimwongoza taratibu. Leona alieleza kiti, soseji, mbio, kamba, meza ya keki. Alipofika kwenye kamba alisema waziwazi: mguu wa mzee ulinasa, na kijana alikuwa mbali. Kisha mwendesha mashtaka akainuka, kijana mkali mwenye suti ya kubana.

"Shahidi, ni kweli uliwahi kuwa wakili wa mshtakiwa?"

"Ni kweli. Kahawa yangu ilikuwa haijapoa nikaacha."

"Katika muda huo, alikueleza kwamba anajuta? Au alikueleza kwamba angeiba tena?"

Gaines alishainuka kupinga, lakini Leona alijibu kwanza, kwa sauti ya chini. "Alichoniambia akiwa mteja wangu nimekifungia. Funguo si zangu, ni zake. Hata Bata hana."

"Ni sawa," Jaji alisema. "Swali lingine."

"Basi ungeweza kunyamaza, Bi Vrabel! Ungebaki wakili wake, hakuna ambaye angejua. Kwa nini hukunyamaza?"

"Ningemhoji nani kizimbani, bwana? Nafsi yangu? Nimuulize Leona, 'Uliona nini?' halafu nimpinge kwamba anadanganya?"

Mahakama ililipuka kicheko. Leona hakucheka. Alimgeukia Jaji. "Na kama ningenyamaza, kijana huyu angefungwa kwa kosa la kamba."

Ndipo mzee Emil, ambaye alikwisha kutoa ushahidi wake na alikuwa ameketi mbele amevaa suti yake ya mashindano, alipoinua mkono kama mwanafunzi. Jaji akamrudisha kizimbani. Masharubu yalikuwa yanacheza.

"Bibi Jaji, nilisema alinisukuma. Nilipoinuka nina keki puani na wanawake wote wananitazama, nilisema hivyo, na nikishasema nikajiaminisha." Akashusha macho. "Mimi nilikuwa bingwa wa polka jimbo zima. Bingwa haangushwi na kamba."

"Mzee Petrich," Jaji akamuuliza kwa upole, "ilikuwa kamba?"

"Ilikuwa kamba. Mshenzi mkubwa, ile kamba."

Shtaka la unyang'anyi likafa papo hapo. Wizi ulibaki, na Kurt akaukiri mwenyewe. Ndipo alipoeleza hadharani, kwa kinywa chake, kwamba kodiani ile ilikuwa ya babu yake, mjomba aliiuza babu huyo alipofariki, na kila alipomsikia Emil akiipiga alihisi babu anamwita. Jaji hakumsifu. Alimwambia hamu ya babu si kibali cha kuiba, akampa kazi za kufagia na kupanga viti ukumbini mwa kanisa mpaka majira ya kuchipua. Ukumbi ndio ule ule Emil anamofanyia mazoezi. Baadaye mzee alimruhusu kuipiga siku moja kila wiki, na nasema haya bila chuki: Kurt anapiga vibaya mno. Emil hukaa amejishika kichwa akisema, "Babu yako angejizika tena."

Leona naye hakutoka hivi hivi. Mtu mmoja asiyejulikana alipeleka malalamiko kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili, kwamba wakili kuvaa ubata ni kuivunjia heshima taaluma. Wakamwita, wakamuuliza mambo mengi. Waliona alisema mapema, alijitoa, na siri ya mteja aliitunza, wakamwachia. Mmoja wao alimwomba saini kwa ajili ya mjukuu.

Aliyemkata mabawa ni Bosi. "Leona, nakupenda," Bi Oletha alimwambia. "Lakini kila mwizi utakayemkamata, kesho anaweza kuwa mteja wetu, na kila mara tutalazimika kuipeleka kesi nje. Hao hawana mwingine wa kuwatetea. Chagua: ukimbize watu au uwatetee."

Jioni ile Leona alilia jikoni kwangu, kilio cha kweli, mpaka kitambaa cha meza kikalowa. Hakuwa analilia sifa. "Nilipenda kufika mapema," alisema, nami nikamkatia mkate wa jozi. Alichagua kutetea. Sikuwahi kumwona akisita juu ya hilo, ila kuumia aliumia.

Theluji ya kwanza ilipoanguka alikuja na pendekezo. Joho abaki nalo, mdomo auvue, na wezi awaachie polisi. Yeye atabaki na wazee, mbwa, na magari yaliyokwama. Bosi akakubali. Jumamosi iliyofuata nilimkuta Leona barabarani kwetu, uso wazi, mashavu mekundu, anasukuma gari la jirani mmoja lililozama kwenye theluji. Jirani alikuwa ndani kwenye usukani, ametoa kichwa dirishani.

"Bata," alimwita, "na huyu mwenye nyumba wangu asiyetengeneza hita, anaweza kunifukuza nikigoma kulipa?"

"Bata hatoi ushauri wa sheria!" Leona akamjibu, anahema. "Kanyaga mafuta!"

"Sasa nani anatoa?"

"Leona. Njoo Jumatatu, uje na mkataba wako. Nimesema kanyaga, baba, mguu umeganda huo?"

Gari likanguruma, likamrushia theluji kuanzia kofia hadi viatu, likatoka. Alibaki katikati ya barabara, mweupe mwili mzima, anacheka kile kicheko chake ambacho hata pasipo ukuta mwembamba ningekisikia.